Samaki Waliofumbua Vinywa

Alhamisi, tarehe kumi na tatu ya mwezi wa tatu, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, samaki wote wa shule moja ya sekondari walikuwa juu ya maji, vinywa wazi.

Msianze kuulizana ni shule gani. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, na tarehe nimeiweka kwa sababu nawajua ninyi: mfano usio na tarehe mnausinzia. Saa nayo nimeiweka kwa sababu ina kazi yake. Mfugaji wa samaki akisikia saa hiyo na vinywa hivyo, moyo unamruka. Sisi wengine bado hauturuki. Basi tukae vizuri, mama mwenye mtoto asogee huku penye nafasi, tusikilize polepole. Padre leo yuko kigango cha ng'ambo, na mimi katekista wenu sina haraka.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kilimo, mwanamke, bado kijana. Alipofika katika shule ile ya milimani alikuta ufugaji wa samaki unafundishwa ubaoni. Mwanafunzi alichora bwawa kwa rula. Alichora samaki, akaandika hapa pezi, hapa mkia, akapata alama zake, akarudi bwenini bila kulowa hata kidole. Mwalimu akatazama jambo hilo muhula mmoja. Muhula wa pili akaenda ofisini kwa mkuu wa shule.

"Mkuu, naomba kile kipande cha chini, karibu na kijito. Tuchimbe bwawa."

Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema, ila aliogopa lawama. Akasema, "Mwalimu, wazazi wameleta watoto wasome. Wakiwaona na majembe watasema tunawalimisha."

"Watakuwa wanasoma, Mkuu. Watasoma kwa mikono."

Mkuu akafikiri. Akasema, "Nakupa hadi mwezi wa sita. Samaki wakiwa hai, tunachimba na bwawa la pili. Wakifa, tunalifukia hilo hilo moja, na somo linarudi ubaoni. Sitaki shimo la kunuka karibu na madarasa."

Mnalisikia sharti hilo, ndugu zangu? Lisikieni vizuri. Kwa sababu watoto walilisikia, wakalipokea kama watu waliopewa ufunguo wa nyumba.

Kidato cha tatu wakachimba. Hatua kumi na tano kwa hatua kumi. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Wakaleta udongo wa mfinyanzi, wakaukanyaga kwa miguu wakiimba nyimbo za kwaya, kwa sababu ndizo zenye mwendo wa kukanyagia. Wakapitisha mfereji kutoka kijitoni wa kuingiza maji. Chini kabisa wakalaza bomba la kutolea maji, lenye kizibo cha mti. Wakaweka samadi ya ng'ombe ili maji yaote ule ukijani ambao perege huula. Kisha vifaranga mia tatu wakaja, wadogo kama kucha, ndani ya mifuko ya nailoni: nusu maji, nusu hewa, imefungwa na kututumka kama mpira.

Mwalimu akachagua msichana mmoja awe kiranja wa bwawa. Hakuwa wa kwanza darasani. Nadhani alikuwa wa ishirini na kitu. Mwalimu alimchagua kwa sababu siku ile ya kukanyaga udongo, wenzake walipopumzika, yeye aliendelea kuzunguka bwawa akipapasa kingo kwa vidole, akitafuta ufa.

Na mwalimu akawafundisha kitu kimoja kuliko vyote. Akawapanga ukingoni, akasema:

"Kila asubuhi, kabla ya kulisha, mmoja wenu apige magoti hapa. Akunje mkono wa sweta. Atumbukize mkono wima hadi kwenye kiwiko, kiganja kikiwa wazi, aangalie. Maji yakifika kwenye kiwiko na kiganja bado kinaonekana wazi, maji ni maskini, ongezeni samadi. Kiganja kikianza kupotea hapo hapo kwenye kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea mapema, ukijani umezidi. Hapo msiwalishe. Fungulieni maji mapya."

Kulikuwa na kijana mmoja, mchekeshaji wa darasa. Kila darasa huwa naye. Akatumbukiza mkono akapiga yowe. Mnajua maji ya kwetu asubuhi yalivyo.

"Mwalimu, mkono huu ukikatika nitaandikia nini mtihani?"

"Utaandika kwa ule mwingine," mwalimu akasema. "Zamisha."

Wakacheka, wakazamisha. Na mwezi wa kwanza ukapita vizuri, na wa pili. Samaki wakawa wa upana wa vidole vitatu. Jioni wazazi waliotoka kwenye mashamba ya kahawa walianza kupitia shuleni kutazama, na ule msemo wa kulimishwa haukusikika tena.

Mwezi wa tatu mwalimu akaitwa kwenye semina mjini, wiki mbili. Kabla ya kuondoka akamwambia kiranja mbele ya wote: "Konzi mbili za pumba asubuhi, konzi mbili alasiri. Kona ile ile, saa ile ile. Wakiacha kuja, nanyi acheni kutupa. Na mkono, jamani. Msisahau mkono."

Akapanda gari, akaenda.

Sasa nataka mnisikilize kwa makini hapa, kwa maana hapa hakuna mtu mbaya. Ukimtafuta mwovu katika mfano huu utachoka. Kilichotokea ni kwamba watoto wale waliwapenda samaki wao.

Kwanza, mvua zikaanza. Siku ya tatu ya baridi na wingu, mmoja akasema, "Leo mkono wa nini? Maji si yale yale ya jana?" Wakaacha kuzamisha mkono. Pili, kila aliyepita bwawani aliona aibu kupita mikono mitupu. Wa kidato cha kwanza akatupa makombo ya ugali kutoka jikoni. Wa kidato cha nne akaja na konzi yake moja. Tu. Konzi moja tu, kwa upendo. Niambieni, kuna aliyekosea hapo? Konzi moja? Na mwingine konzi moja, na mwingine, na jua halionekani, na mfereji hakuna aliyeutazama kwa sababu wote walikuwa wanatazama samaki.

Ndipo ikaja Alhamisi ile, saa kumi na mbili na dakika ishirini.

"Jamani, njooni muone! Wanatusalimia!"

Darasa zima likakimbia. Samaki walikuwa wamepanda juu wote, wamejipanga, midomo inafumbuka na kufumba, inafumbuka na kufumba. Nisamehewe kwa kusema hivi hapa ndani, lakini walikuwa kama sisi tukiwa kwenye mstari wa komunyo.

"Salamu gani?" mchekeshaji akasema. "Hao wana njaa. Mwalimu katuachia kipimo cha kuku wawili."

Kiranja akatupa konzi mbili. Midomo haikufumba.

"Ongeza, Bibi Bwawa! Usiwe mchoyo, kwani pumba zimetoka kwenu?"

Akaongeza. Nani angeacha? Uone kiumbe kimekufumbulia kinywa, na mkononi una bakuli la chakula, utafanya nini kingine?

Ijumaa asubuhi samaki kumi na mmoja walikuwa wameelea ubavu.

Mkuu wa shule akashuka bwawani, mikono nyuma. Akatazama wale kumi na mmoja, akatazama wale wengine wenye vinywa wazi, uso ukambadilika.

"Mnawalisha?"

"Tunawalisha, Mkuu."

"Kiasi gani?"

"Zamani konzi mbili. Sasa tumefika sita."

"Sita! Kwa samaki mia tatu? Ninyi mngeshiba? Watoto, bwawa hili nimelitetea kwenye kikao cha wazazi. Wakifa, mnajua neno langu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akatuma mtu nyumbani kwake akalete debe zima la pumba alizowawekea kuku wake. "Lisheni," akasema. "Lisheni mpaka washuke."

Wakalisha. Debe likafika nusu. Kiranja alilala akiwa na tumaini.

Jumamosi akaamka kabla ya kengele, akateremka peke yake na bakuli lililojaa. Ukungu ulikuwa juu ya maji. Wengine zaidi ya ishirini walikuwa ubavu sasa. Waliobaki walikuwa juu, midomo inafanya kazi, lakini polepole zaidi kuliko jana. Akainua mkono atupe. Mkono ukabaki hewani.

Kwa sababu alikuwa ameona kitu. Pumba za jana zilikuwa bado zinaelea. Zilikuwa katikati ya ile midomo kabisa. Samaki alifumbua kinywa, punje ikapita ubavuni mwa mdomo wake, naye hakuisogelea. Msichana akamkumbuka mdogo wake wa mwisho akiwa na njaa: hapajawahi kupita chakula karibu na pua ya mtoto yule kikapita salama. Akajiuliza, sasa hawa njaa yao ni ya namna gani?

Ndugu zangu, ili aweze kujibu swali lile ilibidi afanye jambo moja dogo. Akaliweka bakuli chini kwenye nyasi.

Akapiga magoti. Akakunja mkono wa sweta. Akazamisha kiganja. Maji hayajapita hata kifundo cha mkono, kiganja kikawa kimepotea. Akazidi kuzamisha mpaka kwenye kiwiko, na alipoutoa mkono, ulinuka kama yai viza.

Wenzake walipofika walimkuta amesimama, mkono mmoja unachuruzika.

"Hawana njaa," akasema. "Hawana hewa."

Mchekeshaji akashika mbavu.

"Hewa? Samaki? Samaki akitaka hewa si atoke tu, aje tukae naye hapa?"

Hata yeye kiranja karibu acheke. Lakini akasema, "Ile mifuko waliyokuja nayo, nusu yake ilijazwa nini? Au wewe ulidhani ni urembo?"

Kisha akanyoosha kidole kwenye maji.

"Chakula chote tulichotupa kimeozea chini. Kinakula hewa yao usiku kucha, ndiyo maana asubuhi tunawakuta juu. Na sisi kila tukiwaona wanahema, tunawaongezea." Akalipindua bakuli kwenye nyasi. "Tumewafanyia hivi siku tatu. Nani anakuja na mimi kwenye mfereji?"

Wakakimbilia mfereji. Mvua ilikuwa imeujaza tope na nyasi, maji yakiingia bwawani kama machozi ya mtu asiyelia kwa dhati. Wakauzibua kwa mikono. Maji ya kijito yakaingia kwa kelele, ya baridi, meupe. Kisha kiranja akazunguka upande wa chini, akang'oa kizibo cha bomba, na maji ya sakafuni yakaanza kutoka, meusi, yakinuka, yakisambaa kwenye nyasi. Wengine wakaingia majini na ndoo na masinia ya jikoni, wakayachota maji na kuyamwaga kutoka juu yapate kuchanganyika na upepo. Na yule mchekeshaji? Aliingia na suruali yake ya shule, akawa anayapiga maji kwa mikono miwili na kupiga kelele, "Pumueni, wazee! Pumueni!"

Kelele zile zikamleta mkuu wa shule. Akafika ukingoni akaona maji yameshuka shubiri nzima.

"Nani amekuruhusu kumwaga bwawa?"

"Shikamoo, Mkuu," kiranja akasema.

"Marahaba. Nimekuuliza. Na pumba zangu mbona ziko kwenye nyasi?"

"Mkuu, tuliwashibisha mno. Walikuwa hawaombi chakula. Walikuwa wanatafuta pumzi."

"Binti, nina miaka hamsini na miwili. Sijasikia kiumbe aliyekufa kwa kuhurumiwa. Rudisha kizibo."

Hapo, wapendwa, hapo ndipo pagumu. Mkuu wa shule ameamuru. Mwalimu hayupo. Bwawa linapungua mbele ya macho ya watu wote, na kama amekosea, atakuwa ndiye aliyeua samaki wa shule nzima na kulirudisha somo ubaoni kwa kizibo kimoja. Angerudisha, nani angemlaumu? Angesema tu, niliagizwa.

Akapiga goti pale kwenye tope.

"Mkuu, naomba hadi saa nne. Ikifika saa nne na wakawa wanakufa, nitaleta jembe mwenyewe nianze kulifukia. Lakini kizibo naomba kisirudi sasa."

Mkuu akatazama saa yake. Akamtazama yule kijana mwenye suruali iliyolowa. Akachukua ndoo moja, akaipindua, akaikalia.

Saa mbili midomo ilikuwa ile ile. Saa mbili na nusu kiranja aliona maji ya chini yanatoka meupe, akarudisha kizibo, na mfereji ukaendelea kujaza. Saa tatu wingu likapasuka na jua likatua bwawani kwa mara ya kwanza wiki ile. Watoto walikuwa wanachota tu na kumwaga. Midomo ikapungua. Ikabaki hapa mmoja, pale miwili. Na saa nne kasoro juu ya maji hapakuwa na samaki hata mmoja.

Mkuu akasimama, akavua kofia.

"Basi," akasema kwa huzuni. "Wamezama wote."

"Hapana, Mkuu. Wameshuka."

"Wameshuka kwenda wapi?"

"Kukaa. Hapo ndipo wanapokaa wakiwa wazima." Na msichana akafuta uso kwa mkono uliokuwa na tope, akasema, "Sisi tuliwaona juu wanaumwa, tukafurahi tukidhani wametuzoea."

Walikufa samaki arobaini na mmoja. Wengine wote waliishi. Mwalimu aliporudi kutoka semina aliuliza wamewalisha nini siku zile za mwisho, na kiranja akamjibu, "Tangu Jumamosi hatukuwapa kitu, mwalimu," na mwalimu akaketi ukingoni akacheka mpaka akafuta macho. Mwezi wa sita walichimba la pili.

Mfano umekwisha.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Mnangoja niseme nani kati yetu ni mkuu wa shule na debe lake. Mwenyekiti wa kigango ameshaanza kujiweka sawa kwenye benchi. Tulia, mzee wangu. Sikukulenga wewe leo. Mwenye bakuli ni mimi.

Mnajua kwamba mwezi wa nane tulimzika mke wangu, Walburga, mama Ditrick, aliyekuwa akisimama pale kwenye sauti ya pili. Mlikuja wote. Mlichimba, mlipika, mlilala kwetu siku tatu, na Mungu awalipe. Lakini hamkuwapo ndani kwetu mwezi wa saba, alipokuwa kitandani, na hilo ndilo nataka kuwaambia.

Mimi nilikuwa nimejipanga. Nilisaga ulezi mwenyewe. Nilijifunza kupika uji usiwe na madonge, na wanaume wenzangu mnajua hiyo si kazi ndogo. Niliweka maziwa, nikaweka limau. Niliketi kando ya kitanda na bakuli, na kila alipofumbua kinywa niliweka kijiko. Akifumbua tena, kijiko. Akikataa uji, nilishika rozari nikasali kwa sauti kubwa, ili asikie. Uji na sala, sala na uji, kutwa. Na nilijisifu moyoni, nikasema, Bwana ananiona.

Siku moja, mchana, uji ukamtiririka kidevuni. Nikaweka bakuli chini nitafute kitambaa. Katika kutafuta kitambaa, sijui kwa nini, nikamuuliza, "Mama Ditrick, unataka nini?"

Tulikuwa tumeoana miaka thelathini na moja. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumuuliza hivyo nikanyamaza kungoja jibu.

Akasema, "Baba Ditrick, siku tisa hizi nataka kukwambia neno. Kila nikifumbua kinywa unanijaza uji."

Akacheka. Alicheka kwa shida, lakini alicheka, na mimi nikacheka huku nalia, na bakuli lile sikulishika tena siku ile.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Alitaka dada yake aje. Walikuwa wamenuniana miaka sita kwa ajili ya jambo ambalo sitalitaja hapa, kwa sababu dada mwenyewe amekaa benchi la tatu upande wa akina mama na atanikemea nikitoka. Nilimpigia simu saa ile ile. Alifika kesho yake na kikapu chake. Walifunga mlango. Mimi nilikaa nje nachambua maharage, na nikasikia kwanza kilio, kisha, ndugu zangu, kicheko cha wasichana wawili. Siku kumi na nne walikuwa hivyo. Mke wangu aliaga uso umekunjuka. Uji wangu ulibaki kwenye sufuria, na nilifurahi kuumwaga.

Nina huzuni, siwadanganyi. Kitanda ni kipana mno. Lakini nimeridhika, na nawaambia bila aibu kwamba nimeridhika, kwa sababu zile siku kumi na nne Mungu alinipa bure, kwa swali moja nililouliza kwa bahati.

Sasa sisi.

Sisi tuna mikono iliyojaa. Hilo ni jema, tusiache. Lakini tunaingia kwa mgonjwa tukiwa tumeshajua anachohitaji. Tunaingia msibani na maneno yetu tayari, pole, jikaze, ni mapenzi ya Mungu, tunamwaga konzi moja tu, na mwingine konzi moja, mpaka mfiwa anakosa pumzi. Kuna bibi katika jumuiya yetu ana mablanketi sita. Kila Noeli tunampelekea. Je, yupo aliyemuuliza? Mimi nilimuuliza juzi. Anataka mtu wa kumtengenezea mlango; haufungi vizuri, na usiku wa manane anaogopa. Msumari mmoja tu. Mtoto wako anafeli, unamwongezea masomo ya jioni, unamwongezea viboko, unamwongezea tena masomo. Umepiga magoti ukazamisha mkono ukaona maji anayoishi yakoje?

Tumesikia leo katika Injili jinsi Bwana alivyomuuliza yule kipofu anataka nini. Kila mtu barabarani aliona kwamba ni kipofu. Bwana aliona kuliko wote, na bado akauliza, akasimama, akangoja ajibiwe. Sisi ni nani hata tusiulize?

Kwa hiyo wiki hii nawapa kazi, na si ngumu. Kila mmoja aende kwa mtu mmoja. Usibebe kitu. Utajisikia vibaya kwenda mikono mitupu, najua; vumilia. Kaa. Uliza. Kisha nyamaza, hata kama maji ni ya baridi. Akikwambia anataka uji, basi kampikie uji, na ukishindwa na madonge njoo kwangu nitakufundisha.

Na kama mtu wako ameshaondoka, na ukakumbuka sasa kwamba hukumuuliza, usiende nyumbani na mzigo huo. Hata mimi nilikuwa nimebakiza siku chache. Kuna Mmoja ambaye kwa mtu huyo hajachelewa. Tusimame, tuinamishe vichwa, tumwombe.

Ee Mungu Baba, tunakuletea Walburga, mtumishi wako, aliyeimba humu ndani miaka mingi na kukupenda. Kilichobaki moyoni mwake na sisi hatukukisikia, kisikie Wewe. Msamehe alipokukosea, mwoshe, mkalishe mahali penye mwanga na pumzi tele, karibu na Mama Maria na watakatifu wako. Tunakuletea na marehemu wote wa kigango hiki: wale tunaowataja kila Jumapili, na wale ambao majina yao tumeyasahau na makaburi yao yameota nyasi. Wengi wao walifumbua vinywa mbele yetu na sisi hatukuelewa walichotaka. Baba, ambao hatukuwauliza, waulize Wewe. Na wakikuambia, uwape. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.